Bwana Kivuli, Fundi wa Taa Aliyetungojesha Mlangoni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu wa taa ya kuua vimelea anastaafu kwa mujibu wa sheria. Ninasisitiza hilo la sheria. Kwa hiari yake asingestaafu kamwe, na kwa hiari yetu wengine angestaafu siku nyingi zilizopita. Matroni aliponitwika kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, alisema eti mimi ndiye nimjuaye kuliko wote. Sikubisha. Mimi ni nesi msimamizi wa chumba cha kusafishia majeraha ya moto, na mtu akikuchosha roho kila siku ya Mungu mlangoni mwa chumba chako mwenyewe, utaachaje kumjua?

Jina lake la kwenye barua ya ajira wanalijua watu wa ofisi ya utumishi, na nadhani mkewe pia. Hapa kazini ni Bwana Kivuli. Wageni mtakaolisikia jina hilo siku ya sherehe msidhani tunamtania mzee wa watu. Hatumtanii, tunalalamika.

Alianza kazi hapa kama fundi umeme. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, nawaapia. Alibadilisha balbu, alikaza soketi zilizolegea, aligombana na jenereta, akapanda ngazi na kushuka akipiga mluzi. Watoto wodini walimpenda kwa sababu alijua kutikisa masikio bila kuyashika. Ukimwita asubuhi, anakuja asubuhi hiyo hiyo, anamaliza, anaondoka. Anaondoka! Leo nikiwasimulia manesi wapya kwamba palikuwa na enzi Bwana Kivuli akiingia chumbani anafanya kazi yake na kwenda zake, wanadhani natia chumvi.

Kisha ikaja ile taa.

Kwa msiowahi kuiona, ni mlingoti unaomzidi mtu urefu, una magurudumu chini na mirija ya taa imeuzunguka. Ukiwashwa hutoa miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Ule ubuluu unaochungulia chini ya mlango ni sehemu ndogo tu yake. Chumba kikishapigwa deki na kufutwa kwa dawa, miale hiyo inamalizia vimelea vilivyobaki juu ya kitanda, meza, vishikio na kuta. Hapa tunaita kupiga mwanga. Mtu aliyeungua hana ngozi ya kumkinga, kwa hiyo chumba chetu hupigwa mwanga kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, na tena kila anapotoka mgonjwa mwenye jeraha lenye usaha. Miale yenyewe haichagui. Inaunguza macho na ngozi ya binadamu pia, ndiyo maana huwashwa chumba kikiwa kitupu, mlango umefungwa, na swichi iko nje kwenye korido.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyeunganisha nyaya zake, uongozi ukaona ndiye aiendeshe. Akapelekwa mafunzoni. Aliyekwenda ni fundi umeme mpiga mluzi. Aliyerudi, loo!

Alirudi na habari moja tu, na habari hiyo ameihubiri hadi leo: miale ile husafiri kwa mstari ulionyooka na haikati kona. Kilichojificha nyuma ya kitu hakipati chochote. Basi akawa haoni vitu tena, anaona vivuli vyake. Unaingia na troli lako la bandeji, anapiga kelele, "Kivuli!" Umesahau stuli karibu na ukuta, "Kivuli!" Pazia halijavutwa mpaka mwisho, "Kivuli!" na sauti yake inafika hadi dirisha la dawa. Kalenda yangu ya ukutani, zawadi ya dada yangu, aliing'oa kwa sababu ukingo wake wa chini ulikuwa umejikunja. Nikamuuliza, sasa nitajuaje tarehe? Akanijibu nimuulize yeye. Na kwa muda mrefu sana akawa ananipitia kila asubuhi kunitangazia tarehe kama redio, hata siku ambazo nilikuwa naijua.

Daktari wetu wa upasuaji naye yalimkuta. Alitundika koti lake nyuma ya mlango, akaenda kunawa mikono, akarudi hakulikuta. Bwana Kivuli alikuwa amelitoa nje na kuliweka kwenye benchi la korido, na bwana mmoja mnene aliyekuwa anangoja zamu yake alikuwa amelikalia, miwani ya daktari ikiwa mfukoni. Daktari alifoka. Bwana Kivuli alifoka zaidi. Mimi nikabaki katikati nikiwaamulia watu wazima wawili, wagonjwa wanatutazama kama sinema ya bure.

Tena msije mkadhani alikuwa hakosei. Kosa kubwa kuliko yote katika historia ya chumba hiki alilifanya yeye, na alilifanya kwa mbwembwe. Mwanzoni kabisa alitengeneza kabati la mbao lenye milango ya kioo safi, akalipiga msasa na vanishi, akatuambia tuweke humo trei na vibeseni: vumbi halitaingia, mwanga utapita. Sote tulimsifu, maana ukisimama mbele ya kabati unaona kila kitu kilichomo. Sasa, kuna vikadi vidogo vya njano ambavyo huwekwa chumbani kwa kupimia, vikipata mwanga wa kutosha hugeuka kijani. Baada ya kuwasha, vya mezani vilikuwa kijani, vya kitandani kijani, vya ndani ya kabati njano vilevile kama vilivyotoka kwenye paketi. Kumbe kioo cha kawaida kinatupitishia mwanga tunaouona na kuizuia karibu miale yote ile. Alinuna wiki nzima. Halafu akaing'oa milango kwa bisibisi na kuipeleka kwake, na nasikia mpaka leo kuku wa mkewe, ambaye sote tunamwita Shemeji, wanaitazama dunia kupitia kioo chenye fremu ya vanishi.

Jambo lililomfanya awe hashikiki kabisa lilitokea miaka michache baadaye. Mtambo una kijicho kinachohisi mtu akitembea chumbani na kuuzima, lakini siku hiyo kijicho kilikuwa kimeharibika, kingine kimeagizwa. Mkubwa mmoja wa idara, ambaye alishahama siku nyingi, alimwambia kwa haraka zake: washa, nimeshaangalia, hakuna mtu. Bwana Kivuli akawasha. Mfuaji wetu wa mashuka alikuwa nyuma ya pazia, ameinama anakusanya shuka chafu, masikioni ana visikizio anafuatilia mpira. Alipoona ubuluu akatoka mbio. Macho yalimuuma kama yamejaa mchanga, akawa hawezi kuyafumbua mbele ya taa, kisha baada ya siku mbili tatu akapona kabisa. Siku hizi ndiye mlinda mlango wa timu yetu, na mabao anayofungwa hayahusiani na macho.

Mfuaji alipona. Bwana Kivuli ndiye hakupona. Alimpelekea chakula nyumbani, akamshika mkono kumpeleka uani, akakaa mbele yake akalia kama mtoto, mpaka mgonjwa akawa ndiye anayembembeleza. Alipomaliza kulia akaandika sheria kwa herufi kubwa, akaibandika juu ya swichi: ANAYEWASHA NDIYE WA MWISHO KUTOKA. Maana yake, usiwashe kwa neno la mtu, awe bosi wako, awe baba yako mzazi. Kagua kwa macho yako, toa kila aliyemo, kisha utoke wewe nyuma yao.

Sheria nzuri, nani atabisha? Tatizo ni kuishi na mtunga sheria. Yeye hakagui chumba, anakipekua. Anapiga magoti kuchungulia chini ya kitanda ambacho alikichungulia muda si mrefu. Anafungua droo moja moja. Anafuta tena mlichofuta, kwa sababu mwanga ule haupenyi uchafu, na uchafu wenu yeye hauamini kuwa umekwisha. Huku nje korido imejaa, mtoto analia, bibi wa watu amekaa na mguu wake juu ya kiti, daktari anatazama saa, na mimi nimesimama mlangoni kwangu kama mpangaji aliyefungiwa nje. Nikimwambia, "Kaka, fanya haraka basi," anasimama kabisa, anageuka, ananiuliza haraka ya kwenda wapi. Jamani! Kuna asubuhi nilitamani nimfungie humo humo na kanuni zake.

Haki yake lakini nitampa. Tangu chumba kianze kupigwa mwanga sawasawa, majeraha yanayoharibika baada ya wagonjwa kuja kwetu yamepungua, na kamati ya kuzuia maambukizi ilimpongeza mbele ya mkutano wa wafanyakazi wote. Mtu mwingine angeinama akashukuru. Yeye alinyakua kipaza sauti ambacho hakuna aliyempa, akasema taa haikufanya kazi hiyo peke yake, waliofanya ni wafuta meza na wanawa mikono, kisha akawataja hadharani wasionawa. Mimi nilikuwemo kwenye orodha kwa kosa la kuvaa pete. Chai ya siku hiyo tulikunywa bila kuongea naye.

Sasa tuje kwenye mwezi huu, ulioniongezea mvi.

Matroni aliitisha kikao akasema wazi. Fundi anaondoka tarehe thelathini. Kabla ya hapo lazima aidhinishe mtu wa kuiendesha taa, maana kwa kanuni zetu hakuna anayeigusa bila idhini yake. Asipomwidhinisha mtu, chumba cha majeraha ya moto kinafungwa, na wagonjwa wetu wataenda hospitali ya ng'ambo ya mji mpaka apatikane fundi mwingine. Na jinsi ninavyoijua ofisi yetu ya utumishi, hapo mngengoja hadi mchoke.

Aliyependekezwa alikuwa mhudumu wetu wa usafi, binti tunayemwita Dada Upesi kwa sababu hajui kutembea, anajua kukimbia tu. Amekuwa kibarua hapa miaka kadhaa, kila mkataba mfupi kuliko uliopita, na wa sasa ulikuwa unaisha siku hiyo hiyo anayostaafu mzee. Akiidhinishwa, anapata ajira ya kudumu, na mama yake anayetibiwa figo anapata kadi ya matibabu kupitia yeye. Asipoidhinishwa, anarudi nyumbani kukaa, na mama yake anabaki hivyo hivyo. Kwa hiyo neno moja tu kinywani mwa Bwana Kivuli lilikuwa limebeba chumba changu na maisha ya mtoto wa watu. Mtu mwenye huruma angelitamka neno hilo siku ya kwanza, tukaenda kunywa chai.

Siku ya jaribio la kwanza waliingia wote wawili. Dada Upesi alifuta kila kitu, akavuta pazia lote, akasogeza kitanda kutoka ukutani, akapanga mtambo ukae kwanza upande huu na baadaye upande ule, ili penye kivuli sasa pasiwe na kivuli baadaye. Bwana Kivuli alimfuata nyuma akibandika vikadi mahali pa kificho, chini ya ukingo wa meza, nyuma ya mguu wa stendi ya dripu. Dada Upesi akatoka, akasimama kwa adabu kwenye swichi. Mzee akabaki ndani akizungusha macho, kisha akatoka taratibu na kuvuta mlango. Taa ikawashwa, mwisho vikadi vikaletwa. Vyote kijani! Tulipiga makofi. Bwana Kivuli akavitazama kimoja kimoja, akavitia mfukoni, akasema, "Bado."

Bado nini? Hakusema.

Jaribio la pili, kijani tupu. "Bado." La tatu alificha kikadi kwenye kona ambayo hata mende angepotea, kikatoka kijani, na mzee akajibu neno lile lile kwa sauti ile ile. Niliona uso wa Dada Upesi ukibadilika. Nilimkuta stoo ya madeki amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, analia kimyakimya. Akaniambia, "Sista, mimi nifanye nini tena? Hadi magurudumu nimeyafuta. Labda mzee hanipendi tu." Nikamwambia ajifute machozi, na mimi nikaenda karakana nikiwa nimefura.

Sitaandika yote niliyosema karakana, jarida hili linasomwa na watoto. Kwa kifupi nilimwambia kwamba ana roho ya kutu. Nilimwambia anakwenda nyumbani na pensheni yake huku anamwacha binti wa watu bila mbele wala nyuma, na wagonjwa wangu barabarani, kwa ajili ya kiburi cha kutaka tuone kwamba bila yeye hatuwezi. Nilimwambia asitegemee zawadi. Alikuwa anakunja waya, akaendelea kuukunja. Kisha akasema, "Hujakosea kukasirika, Sista. Lakini bado." Nikaubamiza mlango wa karakana hadi bawaba moja ikang'oka, naye akanifuata nyuma na bisibisi kuirudishia.

Jioni yake Shemeji akanipigia simu. Nilidhani anakuja kumtetea mumewe. Wapi! Alisema, "Wifi, nakuomba, huyo mtu amalize mambo yake huko huko. Kila mwisho wa wiki akiwa nyumbani anavuta makochi kutoka ukutani. Akija moja kwa moja akiwa na kinyongo cha kazi, mimi nahamia kwa dada yangu." Tukalalamika pamoja mpaka salio lake likaisha, na nikalala nimepata nafuu kidogo.

Ikabaki Jumatano moja tu kabla ya tarehe yenyewe. Mgonjwa wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mama aliyemwagikiwa mafuta ya moto mkono mzima. Alikuwa amekaa benchini ameukumbatia mkono wake, akaniuliza kama ni kweli tunafunga. Nikamwambia sijui. Akasema, "Sista, ng'ambo ya mji mimi siendi. Nauli sina, na jikoni ruhusa ya kutwa nzima hawanipi. Nitafunga mwenyewe kwa kitambaa nyumbani." Nilijua anachosema, maana mkono huo ndio kwanza ulianza kuota ngozi mpya. Ukifungwa kwa kitambaa cha nyumbani, ungeoza.

Mlango ulikuwa wazi, nikasimama pale nikitazama. Dada Upesi hakukimbia siku hiyo. Alifuta, akapanga, akavuta. Bwana Kivuli nyuma yake akaanza kumharibia. Mtambo umekaa sawa, yeye anausogeza kidogo kwa mguu. Stuli imetolewa, yeye anairudisha aikalie kidogo. Dada Upesi akairudisha nje bila neno. Mzee akavuta pazia nusu, binti akalivuta lote. Mzee akaenda kusimama katikati ya chumba, akafungua droo, akafunga, akafungua, akasema, "Tangulia tu, mwanangu, mimi nakuja."

Dada Upesi alifika mlangoni, akasimama. Akageuka.

"Mzee, shikamoo," akasema, ingawa walishasalimiana asubuhi.

"Marahaba."

"Naomba utoke."

Bwana Kivuli akajifanya hakusikia, akainama kutazama chini ya kitanda. Binti akarudi hadi alipo. "Mzee wangu, chumba hiki nimekikagua mimi, na swichi naishika mimi. Siwashi mpaka utoke, nikuone umetoka, ndipo nitoke mimi. Hata ukinifukuza kazi."

Nikasema kimoyomoyo, basi, mtoto amejimaliza. Mtu anayekupa ajira, mwenye umri wa baba yako, unamtoa nje mbele ya wagonjwa! Bwana Kivuli akainuka polepole, akashika kiuno.

"Unanitoa mimi?"

"Nakutoa wewe."

Akatoka. Alinipita mlangoni bila kunitazama. Dada Upesi akarudi hadi nyuma ya pazia, akachungulia chini ya kitanda, akazungusha macho pembe zote, akatoka wa mwisho, akafunga mlango, akawasha.

Mpishi wa shule alijisogeza kidogo kumpisha mzee nafasi kwenye benchi, na mzee akakaa. Mimi nikamfuata nikiwa tayari kumpigia magoti kwa ajili ya yule binti. Nilipomwangalia, machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. Akaniambia, "Mara zote tatu, Sista, wa mwisho kutoka nilikuwa mimi. Amewasha kwa sababu mzee katoka na kafunga mlango. Sheria anaisoma kila siku juu ya swichi, lakini kwa heshima yangu akaiacha. Mimi nikiondoka, atakuja daktari mkuu amwambie washa, hakuna mtu. Atakuja Matroni. Utakuja wewe na haraka zako. Angewajibu nini?"

Kweli, ningemwambia awashe, na angewasha. Nikamuuliza kwa hasira iliyobaki, kwa nini basi hakumwambia tangu mwanzo, akatuacha tunasaga meno mwezi mzima? Akasema, "Ningemwambia anitoe, angenitoa kwa sababu nimemwambia."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumchapa, na sikufanya hata moja kwa sababu watu walikuwa wanatutazama. Tukakaa. Muda ukaenda. Taa ilipozimwa mara ya mwisho, Dada Upesi akaingia kukusanya vikadi, akafunga mlango nyuma yake. Bwana Kivuli akaanza kutikisa goti. Akatazama mlango. Akatazama saa ya mpishi. Mwisho uzalendo ukamshinda, akasema kwa sauti, "Sasa huyu mbona anachelewa hivi?"

Jamani, korido ililipuka. Mpishi alicheka akiushikilia mkono wake usimuume, yule bibi mwenye mguu juu ya kiti akapiga vigelegele, mimi nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Miaka yote hiyo ametungojesha pale, na zamu yake moja tu imemshinda! Yeye mwenyewe alichelewa kuelewa, kisha akacheka kwa aibu, akafunika uso kwa kofia.

Mlango ukafunguka. Dada Upesi akatoka na vikadi mkononi, vyote kijani. Mzee akanyanyuka haraka kwenda ndani kuhakikisha, kama ilivyo desturi yake. Binti akasimama katikati ya mlango. "Mgonjwa kwanza, mzee." Mpishi wa shule akainuka, akampita, akaingia. Bwana Kivuli akabaki amesimama, mikono haijui iende wapi. Halafu akaketi tena, akamwambia Matroni aliyekuwa amefuata zile kelele, "Huyo. Mwandikie kazi leo hii, asingoje."

Ameandikiwa. Chumba hakifungwi, mkono wa mpishi unaendelea kuota ngozi, na kadi ya matibabu ya mama wa Dada Upesi iko njiani. Kuanzia tarehe mosi tutaanza kulalamika kuhusu mtu mwingine, maana tayari ameshanitoa mara mbili chumbani kwangu mwenyewe, na mara ya pili nilikuwa nimesahau kalamu tu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, madaktari, manesi, wahudumu, mfuaji wa mashuka na wagonjwa waliokaa benchini wakikusema vibaya huku majeraha yao yakipona, asante. Umetuchosha, kaka, na tumekupenda, na sijui ni lipi limezidi. Uzee wako uwe wa raha, magoti yapone kwa kuacha kuyapiga sakafuni, kuku watage, Shemeji apate subira na makochi yake yabaki ukutani. Tutakukumbuka kila asubuhi pale mlangoni. Najua siku ya sherehe utasimamasimama pale ukitafuta droo ya mwisho ya kufungua. Usitafute. Tumeona, tumejifunza, tutakagua wenyewe. Toka tu, kaka.